Mkebe wa Udongo wa Hail

Jumapili, 14 Desemba. Hail, nyumbani

Leo nimepewa safari kama mtu anavyopewa dawa. Kaka Harub kaniita sebuleni baada ya chakula cha mchana, akajipangusa vidole kimoja kimoja, akasema: "Masouda, utakwenda na Rawya Norwe. Mwezi wa Januari."

Hakusema "utapenda?" Ana miaka sitini na saba, amestaafu wizarani zamani, na bado anasema na watu kama anawapigia muhuri.

Rawya ni binti yake. Aliyemlea ni mie, tangu mama yake alipofariki na mtoto ana miaka sita. Sasa ana ishirini na saba, ni daktari wa wanyama, anatibu ngamia wa watu na farasi wa wakubwa. Norwe wamemwita akajitolee kwenye mbio za mbwa. Ndiyo, mbwa. Wanafungwa wengi pamoja, wanakokota kigari kisicho na magurudumu juu ya theluji, siku nane, kilomita zaidi ya elfu moja, na watu wazima na akili zao wanasafiri kwenda kutazama. Rawya akionekana anafaa, atapewa nafasi ya kusoma huko miaka miwili. Hilo ndilo analolitaka. Hali wala halali, anazungumza theluji tu.

Kwenda anaweza bila ya kumwuliza mtu. Lakini bila ya radhi ya baba yake haendi, ndivyo alivyo, nami ndiye niliyemlea hivyo, basi lawama nyengine hiyo niitie mfukoni. Na radhi Kaka kaifungia sharti moja.

"Asiguse mbwa kwa mkono mtupu. Hata mara moja. Avae glavu. Akivua, radhi yangu asiitegemee."

"Baba," Rawya kasema, "mimi ndiye daktari wa hao mbwa."

"Watibu na glavu zako."

Na kazi yangu? Kanipa daftari hili, jalada gumu, masalia ya wizara. Kalifungua mwenyewe kuhakikisha ni tupu, ukurasa mmoja mmoja, kila ukurasa analamba kidole. Niandike kila siku, kila kitu, hasa glavu. Tukirudi nimkabidhi. Miaka sitini na moja nimeishi nije niwe askari wa mikono ya mtu.

Nitaandika. Lakini hili ni langu. Yeye nitamnakilia jengine, safi.

15 Desemba

Bado nna hasira.

16 Desemba

Bado.

20 Desemba

Nimekwenda mtaa wa Wadi Kabir, kwa fundi wangu wa nguo. Kauliza baridi kiasi gani. Nikamwambia thalathini chini ya sifuri. Akanitazama kama mtu aliyekuja kupimwa sanda. Amenishonea blanketi zima ndani ya abaya. Nikikaa, abaya inabaki imesimama.

28 Desemba

Chuoni kwa Kurani tulifunzwa sote: mbwa mkavu akigusa kitu kikavu, hapana neno. Ikiingia maji au mate, ndiyo najisi, unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Sasa miye nauliza, kwenye nchi iliyofunikwa barafu mpaka mlangoni, huo udongo nitaupata wapi? Bwana mkubwa wa masharti hakulifikiria hilo. Masharti anatoa yeye, kufikiri nifikiri mie.

Nimechimba uani chini ya mndimu, nikachekecha, nikajaza mkebe wa kahawa. Juu yake nikatandaza kahawa yenyewe vijiko viwili na hiliki, ili wa uwanja wa ndege wakifungua wapate cha kunusa.

Rawya kanikuta nimepiga magoti na upawa.

"Shangazi! Unahamisha Hail?"

"Nahamisha akili, naona hapa haina soko. Wee beba sindano zako."

3 Januari

Mazoon kaja kutuaga. Huyu ni binamu yetu, anakaa Madinat Sultan Qaboos, na kazi yake duniani ni kuliendesha kundi la ukoo la simu.

"Wenzenu wanapeleka watoto kusoma sheria," kasema. "Nyinyi mnampeleka kwa mbwa."

Nikamtilia chai bila ya sukari. Aliinywa. Anajua maana yake: hakaribishwi.

11 Januari

Mvua kidogo. Hail nzima imevaa mashuka na kukohoa, digrii kumi na nane. Nikawatazama, nikawaonea wivu.

Alkhamisi, 22 Januari. Norwe, kaskazini

Tumefika kwa ndege nne, kila moja ndogo kuliko iliyopita. Ya mwisho nilidhani tutaambiwa tushuke tusukume.

Baridi ya huku haikupigi. Inakukagua. Inaingia kwenye mkono wa nguo, inapita kwapani, inauliza nani kakuruhusu kuja. Nywele za puani zimesimama kama sindano. Jua lilichungulia karibu na saa sita, saa saba keshaondoka. Adhuhuri na Alasiri nimezisali moja nyuma ya nyengine kama mtu anayefukuzwa.

Rawya anacheka tu. Anatembea juu ya barafu kama kazaliwa hapa. Hasira zangu leo zote zake yeye.

24 Januari

Mbio zimeanza. Andika, Masouda, kila kitu: mbwa mia tano au zaidi wanapiga kelele kwa pamoja, na si kelele za kubweka, ni za kudai. Wanarukaruka, wanauma kamba, wanataka kuondoka. Nilidhani nitaona wanyama wanapigwa bakora wakimbie. Sikuona bakora. Niliona watu wazima wanaburuzwa.

Na kila mbwa amevaa soksi, miguu yote minne, barafu isimkate. Nikamwambia Rawya: "Hawa sharti la baba yako wamelitimiza wao."

Mwenyewe kavaa glavu jozi mbili: za plastiki ndani, za sufi juu. Zimekaa. Naandika kama nilivyotumwa.

26 Januari. Kituoni

Tumehamishiwa kituo cha njiani, kibanda cha mbao pembeni ya ziwa lililoganda. Washindani wanapita hapa, mbwa wanapimwa, mgonjwa anabakishwa. Akishabakishwa harudi tena mbioni. Na mtu akibaki na mbwa chini ya sita, kwake mbio zimekwisha.

Mkubwa wetu ni Daktari Solveig, mwanamke wa rika langu, mrefu, anainama kila mlango. Kiingereza chake nakisikia vizuri. Changu nimejifunza mwenyewe kwenye karatasi za ndani ya dawa, kwa hivyo naweza kuzungumza juu ya madhara lakini sio juu ya hali ya hewa.

Sasa msiba. Nimetoka kutia kuni, kurudi namkuta Daktari Solveig ameketi na kikombe. Kaniambia kwa furaha kwamba harufu ya ile kahawa yetu ilimshinda, kaomba radhi, kachemsha.

Vijiko viwili vya juu ndiyo kahawa. Yeye katia vinne.

"Ina nguvu," kasema, na kwa adabu akajimiminia kikombe cha pili.

Rawya kajifunika uso kwa shali, mabega yanamtetemeka. Nikamvuta kando. "Atapona?"

"Shangazi, mimi daktari wa wanyama."

Mkebe nimeuficha chini ya kitanda.

27 Januari

Glavu zipo. Rawya kakagua mbwa themanini na nne na mgongo umemkataa, nimemkanda. Usingizini anahesabu mapigo ya moyo. Nilimwangalia mikono: myekundu, imepasuka kwenye viungo. Hakuninung'unikia hata neno. Hilo nalo limeniudhi.

28 Januari

Leo naandika mpaka wino uishe.

Daktari Solveig aliondoka asubuhi kwa pikipiki ya theluji kumpeleka mbwa aliyevunjika mguu. Rawya kabaki daktari peke yake. Kama saa saba kasorobo, mwangaza wa buluu ule, kaja wa tatu katika mbio nzima. Mie namwita Ndevu, maana uso sikuuona, niliona ndevu na barafu iliyoning'inia. Huku ni shujaa, picha yake imebandikwa mpaka chooni. Amebakiwa na mbwa sita. Sita kamili.

Wa mbele ni jike la kijivu, sikio limechanika. Alikuja anakimbia kama wenzake, lakini kichwa chini. Wenzake walipopewa supu yeye alisimama tu, anakohoa kama bibi kizee aliyepaliwa.

Rawya akapiga magoti kwenye barafu. Akavua za sufi. Za plastiki zikapasuka palepale, baridi imezifanya ganda la yai. Akavaa nyengine, zikapasuka. Akarudisha za sufi, akamshika mbwa nyuma ya paja, akatafuta mapigo. Akatafuta tena.

"Shangazi."

"Nnaona."

"Sihisi kitu."

Hakuwa ananiomba ruhusa. Alikuwa ananiarifu, kwa heshima, nisije nikashtuka. Akazivua, akaziweka juu ya theluji moja juu ya mwenzake, kama mtu anavyovua viatu msikitini. Nikatazama saa. Saa saba na dakika kumi. Nikaiandika, maana mkono ulikuwa umeshazoea utumwa.

Akamfunua mdomo. Ufizi ulikuwa rangi ya majivu. Akaweka sikio kifuani kwa mbwa, sikio lenyewe, kile kifaa cha kusikilizia kilishaganda. Akanyanyuka.

"Huyu anabaki. Mapafu yamejaa."

Ndevu alicheka kwanza. Kisha akaona hakuna anayecheka naye. Akaanza kunguruma, Kinorwe, halafu Kiingereza ili sote tufaidi. Miezi kumi na moja ya mazoezi. Kilomita mia saba. Mbwa wake anamjua yeye, kamzalisha kwa mikono yake. Akamgeukia yule kijana anayetuandikia saa za kufika: "Huyu ameona theluji ngapi maishani mwake?"

Rawya kamjibu mwenyewe. "Theluji, ndiyo ya kwanza hii. Mapafu, ya elfu ngapi sijui."

"Daktari mkuu yuko wapi?"

"Kaniachia mimi."

"Nitamsubiri."

"Msubiri. Mbwa hatamsubiri."

Akaushika mkanda wa mbwa, avute. Rawya mkono wake haukutoka kifuani kwa mbwa. Na hapo, nilipomwona mwanamme anavuta upande mmoja na mkono wa mtoto wa kike uko upande wa pili, kikaniingia kitu ambacho sio cha leo. Nikajikuta kati yao, mie na blanketi langu, upana wa kabati.

"Achia!" nikamwambia, Kiswahili, Kiingereza kilinikimbia. "Achia nakwambia! Mtoto kasema mgonjwa, basi mgonjwa! Umemzaa wewe? Umesoma? Basi kaa kimya, mzee mzima unagombana na mgonjwa!"

Sijui alisikia nini. Alinitazama, akamtazama mbwa wake. Na jike lile, labda kwa zile kelele zangu, likakunja miguu ya mbele likalala. Povu la rangi ya waridi likatoka puani.

Ndevu akauachia mkanda.

"Shangazi, mshike kichwa," Rawya kasema, anatafuta mshipa wa kutia dripu. "Kidevu kisiguse barafu. Kinyanyue apate hewa."

Nikamshika. Glavu zangu nene, kichwa kikateleza. Nikashika tena, kikateleza. Nikavua. Hakuna aliyeniamrisha. Nikamwekea chini ya kidevu kile nilichokuwa nacho, na mikono yangu pembeni, mitupu. Kichwa kizito, cha moto, masikio laini kama mfuko wa hariri. Alinitazama kwa jicho moja. Mate yakanishuka mpaka ndani ya bangili. Nikasema moyoni: mara saba, Masouda, mara saba, na sikumwachia mpaka dripu ikaisha.

Ndevu alikuwa ameketi kwenye kigari chake, mgongo kwetu. Mbio zake zimekwisha.

Tulipomaliza kumwingiza ndani, nikachukua mkebe na birika la maji ya moto, tukakaa mlangoni mie na Rawya, tukaosha. Kila mmoja mara saba. Doa la kahawia likabaki kwenye theluji nyeupe, udongo wa mndimu wetu. Rawya alikuwa analia, ya baridi au si ya baridi, sikumwuliza.

"Utaandika, Shangazi?"

"Nimetumwa niandike."

Akaitika kwa kichwa. Hakuniomba nifute. Ningependa angeniomba, ningepata wa kumkasirikia.

29 Januari

Wale wa mbio wametoa picha: Rawya na jike la kijivu. Mazoon kaivuta mpaka ikaota mabaka, kaipeleka kundini na suali moja: Glavu ya kushoto iko wapi? Watu arubaini na tatu wamejibu. Hakuna aliyeuliza mbwa anaendeleaje.

Kaka kapiga simu saa nne asubuhi. "Masouda. Kavua?"

"Picha imekatwa, Kaka."

"Haikukatwa."

"Basi sikusikii, huku upepo."

Hapakuwa na upepo.

"Hapana neno," kasema. "Simu inaweza kusema uwongo. Daftari litasema."

Nikakaa kumnakilia nakala safi. Daftari hili limevimba, kurasa za mwanzo zimegandana, nimezibandua kwa kisu cha siagi. Nikaanza kwenye jengine: "28 Januari. Baridi. Tulikunywa supu." Mkono ukakataa.

Mwaka wa thamanini na tatu nilipata nafasi ya kusomea uuguzi. Nilikuwa nimemaliza madarasa ya jioni, mtihani nimefaulu, barua imekuja na jina langu halikukosewa hata herufi. Baba alikuwa keshafariki. Harub alikuwa na miaka ishirini na tano na ndiye mwenye neno. Kasema: "Mikono yako itawagusa wanaume." Nikamwambia: "Kaka, nitavaa glavu." Kasema: "Na ukivua?"

 Barua nikaitandika kwenye droo ya viungo jikoni, na mikono hiyo imemkandia unga miaka arubaini na mbili.

Leo ndipo nilipojua lile sharti kalitoa wapi. Sio lake. Glavu zilikuwa zangu, mie ndiye niliyemwomba kwazo. Kanikatalia nazo mie, kisha kaziweka akiba, kamfungia nazo mtoto. Na mie kanipa kalamu nilinde.

30 Januari

Solveig karudi. Mbwa ana homa ya mapafu, pande zote mbili. Angeongezwa kilomita ishirini angefia njiani. Kamwandikia Rawya barua ya nafasi, kaipiga sahihi juu ya meza yenye makombo.

Ndevu hakuomba radhi. Alikuja, akachukua shoka, akatupasulia kuni saa nzima, akazipanga mpaka dirishani. Kisha akaingia akalala sakafuni karibu na jike lake. Nikamwekea mto.

Nimekasirishwa na wanaume wawili mwezi huu. Mmoja kapasua kuni.

Jumatatu, 2 Februari. Hail

Tumefika alfajiri. Rawya yuko chumbani kwake, sanduku hajalifungua, barua ya Solveig iko juu ya mto. Hajaisema. Anasubiri.

Kaka yuko sebuleni na thermosi ya kahawa, miwani keshavaa. "Liko wapi?" kaniuliza, hata pole ya safari sikupewa. Nimemwambia anipe dakika kumi nimalizie.

Kaka Harub, sikukunakilia. Hili ndilo lenyewe, na ukifika hapa umeshasoma yote, hata chai ya Mazoon. Kavua, ndiyo. Saa saba na dakika kumi. Na mie nimevua. Ukimnyima radhi yeye, ninyime na mie, tuwe wawili. Barua yangu ya thamanini na tatu iko kwenye droo ya viungo, inanuka bizari, ukitaka kuisoma nayo. Chakula cha leo kiko jikoni. Cha kesho bado sijakiamua.

Jengine moja. Kile nilichomwekea mbwa chini ya kidevu, nilichokuwa nacho mkononi siku ile, ni daftari hili. Lilirowa mate kutoka jalada mpaka katikati, ndiyo maana limevimba. Nami najua unavyosoma. Unalamba kidole kila ukurasa.

Mkebe nimekuwekea uani, karibu na bomba. Udongo uliobaki unatosha mtu mmoja, nilikubakishia. Mdomo na mkono, mara saba.

Ukishatakata, mwite mtoto umpe mkono wa radhi. Mtupu.